Kalamu Aliyonyimwa Mama Yangu

Mheshimiwa Naibu Meya. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Kamanda wa Polisi wa Kanda ya Kumi na Nne, pamoja na maafisa mlioandamana naye. Wajumbe wa Bodi ya Raia ya Kusimamia Polisi, mnaobaki na mnaoondoka. Bwana Gaskins, uliyeketi safu ya pili kama kawaida yako. Ndugu wageni waalikwa. Majirani wa Mtaa wa Harlan. Na wewe mama yangu, uliyeketi kando ya mlango wa jikoni na spika za mkalimani masikioni: habari za mchana.

Na wewe, Mwenyekiti wetu, Bi Verlene Stokely, ambaye kazi yako inakwisha leo saa kumi na moja jioni. Najua wewe ndiye ulipaswa kutangulia katika salamu. Nimekuweka mwisho kwa sababu jina lako likishanitoka mdomoni inanibidi nianze, na mimi naogopa kuanza.

Naitwa Nayeli Barrientos. Nina miaka kumi na saba. Wengi wenu mmeniona kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, lakini nadhani hamjawahi kuisikia sauti yangu. Mimi ni yule wa kiti cha nyuma kabisa, chini ya saa ya ukutani. Mimi ndiye ninayeziandika upya kumbukumbu za mikutano yenu kwa Kihispania, ili watu wanaozungumza kama mama yangu nao wajue kilichosemwa. Nimeombwa leo nitoe shukrani kwa niaba ya vijana. Hotuba iliyotakiwa ni ya dakika tano. Bwana Pruitt wa ofisi ya upelelezi ya Bodi aliikagua juzi, akanirudishia akisema, "Safi kabisa, haina mwiba." Karatasi hiyo ninayo hapa mkono wa kushoto. Nitaisoma nusu, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Kisha nitasoma hii ya mkono wa kulia, ambayo hajaikagua mtu, na ambayo lazima niimalize kabla ya saa kumi na moja.

Nasoma ya kushoto.

Bi Stokely aliendesha basi la jiji hili, njia namba tisa, kwa miaka thelathini na mmoja kabla hajachaguliwa kuingia kwenye Bodi. Wako waliolifanyia mzaha jambo hilo. Ndugu wageni, nani kati yenu alikuwepo kwenye mkutano wa Juni mwaka jana, siku ile alipokuja msemaji wa chama cha polisi, bwana mmoja mwenye tai nyekundu? Alisimama kwenye maikrofoni hii hii akasema, "Kwa heshima zote, mama, dereva wa basi anajua nini kuhusu kazi ya polisi?"

Bi Stokely alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta yake, hana haraka.

"Mwanangu," akasema, "basi langu lilikuwa na namba mbele, nyuma na ubavuni, kubwa kuliko kichwa changu. Abiria akiona nimefunga breki vibaya, anaiandika, anapiga simu, na kesho yake mimi naitwa ofisini kujieleza. Nimeitwa mara kumi na tisa. Sikufa. Na mimi nilikuwa na honi tu. Kijana wako ana bastola. Hebu niambie wewe mwenyewe, kati yetu nani anahitaji zaidi kuandikwa namba?"

Ahsanteni kwa kucheka. Naona mama yangu naye anacheka, sekunde nne baada yenu, maana maneno yangu yanapita kwanza kwa mkalimani. Mtaniwia radhi, leo nitazitegemea sana sekunde hizo nne.

Halafu kuna kikuku. Wageni mnaokiona pale meza kuu, kile kikuku, yaani kuku mdogo wa plastiki ya manjano, si pambo. Ni saa ya jikoni. Kanuni za Bodi zinampa kila raia dakika mbili za kusema, zikiisha kikuku kinalia, naye anakaa. Amelizwa kikuku Diwani. Samahani, Mheshimiwa, ni kweli. Amelizwa kikuku hata padri. Lakini Novemba alikuja mama mmoja ambaye mwanawe alifia mahabusu, akaanza kusema, akashindwa, akasimama tu pale akilia, na dakika zikaenda. Bi Stokely alinyoosha mkono, akakifunika kikuku kwa kiganja. Kililia ndani ya kiganja chake kama kifaranga kilichofichwa chini ya kapu. Naye akamwambia yule mama, "Endelea, mpenzi wangu. Hiki kimeharibika." Mwezi uliofuata kilikuwa kimepona.

Katika karatasi ya kushoto imeandikwa kwamba vijana tumejifunza kwako ujasiri. Hapo ndipo kweli inapoishia, Mwenyekiti. Mimi sijajifunza. Kwa miezi kumi na minane nimekuja kukaa kiti cha nyuma, na ninyi mmedhani ni bidii. Uliwahi kuniambia mbele ya watu wote, "Tafsiri za binti huyu hazina dosari, ningempa hata wosia wangu." Watu wakapiga makofi. Nilikwenda msalani nikakaa huko mpaka mkutano ukaisha.

Sasa nasoma ya kulia. Naomba mkalimani asiharakishe. Naomba pia asiniruke neno, hata akinionea huruma.

Mmekula tamale leo, zile za unga wa mahindi zilizofungwa kwenye maganda yake. Kamanda, nimekuona, umerudi mezani mara mbili. Amezipika mama yangu, Amparo Barrientos. Ameanza jana asubuhi, na alipokataa kulipwa aliniambia, "Yule bibi wa basi ni mtu wa haki. Tumbo lake siwezi kulitoza." Mliomwona akigawa mtakuwa mmeona kwamba anashika koleo kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haufungi vizuri. Ngozi imekazana kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Watu wa adabu hawaulizi. Mimi nitawaeleza, kwa sababu nilikuwa hatua mbili kutoka pale.

Ilikuwa Februari ya mwaka jana, saa kumi na moja na nusu alfajiri, chini ya ngazi za kituo cha treni. Mama huuza tamale pale, sufuria likiwa juu ya kikokoteni, wakati watu wa zamu za mapema wanapokwenda kazini, na mimi nilikuwa nikimsaidia kabla ya shule. Akaja afisa. Simtaji jina. Desturi ya Bodi katika mkutano wa hadhara ni kutaja namba ya kifuani, na namba nitaitaja nikifika. Aliuliza kibali. Mama akampa. Akakisoma, akasema si cha aina inayotakiwa, tufunge tuondoke. Mama hakuelewa, akanigeukia mimi.

"Anasemaje?"

"Anasema tuondoke, mama."

"Mwambie dakika moja tu, niweke mfuniko, maji yanachemka. Yatamuunguza mtu."

Nikamwambia. Nilisema polepole, nina sauti ndogo, mnaisikia. Labda hakunisikia. Labda alinisikia. Akakipiga kikokoteni teke.

Sufuria lile ni la lita arobaini. Maji yote yalimwendea mama kwenye mkono. Sitawaeleza kilio. Afisa alirudi nyuma ili viatu vyake visilowe, akasema kwenye redio yake, "Mwanamke amejimwagia maji." Akatutazama kidogo, akapanda ngazi. Na mama yangu, huku mkono ukiwa unatokota, hakuniambia niite gari la wagonjwa. Alisema, "Nayeli, ile namba kifuani! Andika, mwanangu, andika kabla sijaisahau!" Hatukuwa na karatasi. Nilichukua ganda la hindi lililokuwa limebaki kavu, nikaandika kwa kalamu ya shule. Ganda lenyewe hili hapa. Limesinyaa lakini linasomeka.

Wiki tatu baadaye, mkono ukiwa bado kwenye bendeji, tulikwenda ofisi ya Bodi. Mama ndiye aliyetaka. Baba alisema tuache. Kaka alisema tuache. Mama akasema, "Nikiacha, kesho atampiga teke mwenye mtoto mgongoni." Ninyi wa Bodi mnaujua utaratibu wenu, lakini wageni huenda hawaujui: lalamiko dhidi ya polisi haliwi lalamiko mpaka anayelalamika ale kiapo na kuweka saini yake, jina kamili na mahali anapoishi. Pasipo saini, faili linafungwa. Likishafungwa, katika rekodi ya afisa ni kama halikuwahi kuwepo. Likiwa na saini na mtu ameumia, afisa anaondolewa mitaani siku hiyo hiyo, anakaa mezani kwa kazi za ofisini mpaka uchunguzi uishe.

Mkalimani hakuwepo. Bwana Pruitt, unakumbuka? Uliniuliza, "Unajua Kiingereza?" Nikasema najua. Ukasema, "Basi tumepona." Hukuwa na ubaya. Ndivyo ilivyokuwa desturi katika ofisi zote za jiji hili: hospitalini, benki, shuleni, mtoto anaitwa anasimama katikati. Mimi nimemwambia mama yangu majibu ya daktari nikiwa na miaka tisa. Mwenyekiti naye alikuwepo, amekaa dirishani na mafaili mengine.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelijua chumbani mle. Kabla ya siku ile, Jumanne, nilikuwa natembea kwenda shule. Gari la doria likaja nyuma yangu, likapunguza mwendo, likawa linakwenda sambamba nami, polepole kama mtu anayetembea. Dirisha likashuka. Alikuwa ni yeye.

"Wewe si yule binti wa tamale?" akasema.

Niliendelea kutembea.

"Mama anaendeleaje na mkono? Mwambie pole." Akatabasamu. "Mwambie namkumbuka. Na nyumba yenu nzuri, ile yenye ngazi za kijani. Msisahau kufunga mlango."

Kisha akaenda zake. Ni hayo tu. Ningewaambia watu nini? Kwamba polisi amempa mama pole? Kwamba ametushauri tufunge mlango? Ndugu wageni, mmewahi kutishwa kwa maneno ambayo ukiyarudia kwa mwingine yanakuwa maneno ya upole? Nilirudi nyumbani nikaziangalia ngazi zetu za kijani nikatamani zisiwe na rangi.

Basi tukaketi. Bwana Pruitt akasukuma fomu mezani akasema, "Muulize mama, yuko tayari kula kiapo na kuweka saini?"

Nikamuuliza. Hapo sikudanganya, nilimuuliza vizuri.

Mama akanyoosha mgongo. Akasema, "Mwambie nipo tayari. Mwambie hata mara mbili, na mkono wa kushoto nikitakiwa."

Nami nikamgeukia Bwana Pruitt nikasema, "Anasema amefikiri upya. Hataki matatizo."

Mama, tafadhali usivue spika. Bado. Nakuomba.

Bwana Pruitt aliuliza, "Una hakika?" Mama aliona uso wa kuuliza, akadhani anaulizwa kama ana hakika na saini, akatikisa kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndiyo. Bwana Pruitt akasema, "Basi, tunaheshimu uamuzi wake." Akaichukua fomu, akaitia kwenye bahasha. Akachukua na kalamu.

Kwenye korido mama aliniuliza, "Mbona hakunipa kalamu?"

Nikasema, "Wanatuma kwa posta."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio uliokaa nyumbani kwetu. Maana mama yangu alianza kulifungua sanduku la barua kila siku. Akitoka kuuza, kabla hajavua koti, anapita kwenye sanduku. Barua ya Bodi ilikuja Machi, ya Kiingereza, yenye saini ya Mwenyekiti: "faili limefungwa kwa kukosa saini." Nikamwambia ni tangazo la kuzoa taka. Hakuacha kufungua sanduku. Aprili, Mei. Siku moja nilimsikia akimwambia baba, "Labda wamesahau. Watu wale wana kazi nyingi, wanasimamia jiji zima." Aliwatetea, Bwana Pruitt. Alikutetea wewe, ilhali aliyekuwa amemnyima kalamu ni mimi.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa kuliko hapo. Bwana Gaskins.

Mnamjua wote, kinyozi wa kona ya Harlan. Oktoba ya mwaka jana, miezi saba baada ya faili la mama kufungwa, afisa yule yule alimsimamisha nje ya duka lake akamuuliza kwa nini anafunga duka kwa haraka. Bwana Gaskins alimjibu, "Kwa sababu nina njaa, bwana mkubwa." Watu walicheka. Afisa hakupenda kuchekwa. Tangu siku hiyo Bwana Gaskins anaona kwa jicho moja. Yeye aliweka saini. Bodi ikachunguza, na Julai mwaka huu mkasoma uamuzi, nami nikauandika kwa Kihispania kwa mkono wangu: "Kwa kuwa afisa hana lalamiko la nyuma, na hili ni kosa lake la kwanza, anasimamishwa siku sitini." Siku sitini zinakwisha kesho. Keshokutwa, Jumatatu, anarudi mtaani kwetu.

Hana lalamiko la nyuma. Niliandika maneno hayo bila dosari.

Bwana Gaskins, kila mkutano ukipita kwenda kwenye kiti chako unageuza kichwa chote upande wangu ili unione, unanipa peremende. "Kula, binti wa kimya. Huenda ikakulainisha ulimi." Ninazo peremende zako kumi. Sijala hata moja. Zipo kwenye droo pamoja na ganda hili. Kama ningesema neno moja la mama yangu jinsi alivyolisema, afisa yule angekuwa mezani Oktoba, na wewe leo ungenitazama bila kugeuza kichwa. Sikuombi unisamehe hapa mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu mtu hulazimika. Nilitaka tu usikie kwangu mwenyewe, siku moja usije ukasikia kwa mwingine.

Mwenyekiti, na wewe nina neno, na naomba ulipokee kama sifa, ingawa lina makali. Mei ya mwaka jana uliwasilisha kanuni ambayo sasa inafuatwa katika ofisi yote ya Bodi: mtoto asitumiwe kumkalimania mzazi wake. Mjumbe mmoja alinung'unika kuhusu gharama. Wewe ukasema, nami nilikuwa chini ya saa ya ukutani nikiandika: "Kuna siku nilimwona mama anatikisa kichwa kwa ndiyo, na karatasi ikaandikwa hapana. Nilikuwa nimechoka, nikanyamaza. Sitaki kuchoka tena." Hukunitazama uliposema. Kwa kuwa hukunitazama, nikajua kwamba unajua. Miezi mingapi, Bi Stokely? Ulikuwa unanisubiri nijitokeze mwenyewe, au na wewe ulikuwa unaogopa kuniuliza? Uliwazuia watoto wengine wote wasisimame pale niliposimama mimi, na kwa hilo jiji hili likushukuru. Lakini faili la mama yangu halikufunguliwa. Hata dereva aliyeitwa ofisini mara kumi na tisa anaweza kuitwa ya ishirini. Nakuita mimi. Kwa heshima.

Najua ninachokifanya si adabu ya sherehe. Keki haijakatwa. Nimekaa na kanuni zenu muda mrefu mpaka nazijua kuliko masomo yangu, na kanuni ya kumi na mbili inasema kwamba mwenyekiti aliyefunga faili kwa kukosa saini anaweza kulifungua tena kwa mkono wake mwenyewe, shahidi akiapa kwamba lilifungwa kwa makosa. Mwenyekiti mwingine hawezi, lazima liende kwenye kamati ya jiji, na sote tunajua kamati ya jiji. Kwa hiyo ni leo, na sasa hivi saa ile ya ukutani inaonyesha saa kumi na robo. Likifunguliwa na likawa na saini, afisa huyo hana tena kosa la kwanza. Jumatatu harudi mtaani, anarudi mezani kungoja kujibu.

Nilifikiri kuja kwako ofisini kimyakimya. Nilifika mpaka kwenye lifti mara tatu. Lakini uongo wangu uliingia kwenye rekodi ya watu wote, na nikajua nikiusema chumbani, nitapata njia ya kuupunguza. Nina kipaji hicho. Nikiwa mbele yenu, na mkalimani yupo, na mama anasikia kila neno, siwezi.

Naogopa, Kamanda. Sitakuficha. Nilipokuwa navuka barabara kuja hapa kulikuwa na gari la doria upande wa pili, injini inanguruma. Labda ni dereva wako. Hofu haijui kusoma namba za magari. Tangu asubuhi nafikiria zile ngazi za kijani. Kwa hiyo nakuomba jambo moja dogo, na nakuomba mbele ya Naibu Meya: ukumbuke kwamba leo umekula chakula cha mikono ya mama yangu, na ujue kwamba tukipata wageni wasiokaribishwa kwenye ngazi zile, ukumbi mzima huu utajua ni kwa nini.

Namba ni sita, moja, tatu, nane. Imeandikwa kwenye ganda. 6138.

Bwana Pruitt, mkoba wako huwa una fomu. Naomba mbili. Ya kwanza ni yangu: nitaapa kwamba niliona teke, na kwamba nilidanganya. Jina kamili Nayeli Barrientos, nyumba namba 2217, Mtaa wa Harlan, ile yenye ngazi za kijani.

Ya pili ni ya mama. Mama, hiyo siijazi. Katika karatasi niliyoiandika nyumbani kulikuwa na mstari hapa unaosema, "Mama yangu yuko tayari." Nimeukata. Nilikusemea mara moja nikakunyang'anya mkono wa pili, ule ambao maji hayakuuchoma. Miezi kumi na minane imepita, huenda sasa unaogopa, huenda umechoka, huenda una hasira na mimi hata hutaki kunitazama, na yote hayo ni haki yako. Naona hunitazami. Unatazama chini. Mkalimani amefika wapi? Naona ameniinulia kidole, kwamba amefika mwisho.

Naona Bwana Pruitt anafungua mkoba. Naona Mwenyekiti amevaa miwani, na kiganja chake kimekifunika kikuku. Bwana Gaskins amegeuza kichwa kunitazama. Sijui uso huo unasema nini, Bwana Gaskins. Nitaubeba vyovyote ulivyo.

Mama amevua spika. Anasimama.

Anafunga aproni yake vizuri. Ndivyo anavyofanya akikasirika. Ndivyo anavyofanya pia akienda kanisani. Anapita katikati ya viti. Hanitazami mimi, anaitazama meza. Ndugu wageni, naomba mmpishe.

Mheshimiwa Naibu Meya, Kamanda, Mwenyekiti, ndugu zangu: nimepita dakika zangu, nanyi mmenivumilia. Nawashukuru nyote mlionisikiliza, na zaidi namshukuru aliyenisikia sekunde nne baada yenu. Naiacha maikrofoni. Mkalimani aje asimame hapa mbele, karibu na mama yangu. Na kalamu apewe mama mwenyewe mkononi. Asiipokee mtu mwingine.